Mtaalamu na Viwavi wa Binti Yangu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtaani anaitwa Mtaalamu. Jina alijipa mwenyewe, sisi tukalizoea tu. Alihudhuria semina ya siku tatu ya ufugaji wa viwavi wa hariri, huko milimani kwenye baridi kali, akarudi na mafua na cheti. Mafua yalipona. Cheti alikivika plastiki, akakitundika kwenye chumba cha uani chenye paa la bati, ambamo binti yangu alikuwa anafuga viwavi wake wa kwanza.

Fundi mfumaji alishamwambia binti: "Niletee vifukofuko vya hariri vya viwavi uliowafuga mwenyewe nivione, ndipo nikupe nafasi karakanani." Basi kila kiwavi mle ndani nilimwangalia kama mjukuu.

Likaja joto la kuyeyusha mshumaa mezani. Mtaalamu akafunga madirisha, akaingiza na jiko la mkaa. Semina ilisema viwavi wapate joto, na yeye semina haipingi.

Siku ya pili nikachungulia. Majani ya mforsadi ya asubuhi, chakula chao, yamenyauka, hayajaguswa. Viwavi wameinua vichwa, wametulia tuli. Wengine wametapika maji ya kijani, na kinyesi chao, kilichokuwa kikavu kama pilipili manga, kimelainika. Shule sikufika mbali, lakini nimelea watoto wanne. Mwenye homa namjua.

"Shemeji, hawa wanaumwa."

"Wamelala, shemeji. Kiwavi akiinua kichwa akaacha kula, anajivua ngozi. Hasumbuliwi. Haya ni mambo ya kitaalamu."

Binti akaonyesha mlango, alipochora mstari wa mkaa kila walipojivua. "Baba mdogo, wameshajivua mara nne. Ya tano haipo."

"Labda hawa ni aina nyingine."

"Haya," nikasema. "Kaa nao basi mpaka waamke. Chakula chako nitakuletea humu humu."

Haikupita nusu saa. Nilipoingia na sahani alikuwa ameegemea ukuta, shati limemganda mgongoni, kichwa juu, mdomo wazi. Chakula hakukitaka hata kukiona.

"Shemeji, nawe unajivua ngozi?"

Jiko nililitoa mwenyewe, nikafungua madirisha, tukatundika magunia yaliyoloweshwa maji. Binti akachomoa cheti msumarini, akawapepea nacho. Ndiyo kazi ya kwanza niliyoona cheti kile kikifanya.

Jioni nikasikia majani yanatafunwa, kama manyunyu juu ya bati. Nikakaa chini nikalia kidogo.

Karibu nusu walikufa. Waliobaki walifuma vifukofuko vyembamba, kikapu hakikujaa. Tulipompelekea, fundi alibonyeza kimoja kwa kidole, kikabonyea.

"Hawa walipigwa na joto wakiwa wakubwa kabisa, siku chache kabla ya kufuma. Kwa kawaida hufa wote. Nani aliwaokoa?"

Nikamsukuma binti mbele.

"Hesabu za kujivua aliziweka yeye," nikasema.

"Aje Jumatatu."

Na Mtaalamu? Anazunguka mtaani akiwafundisha watu hatari za joto kwa viwavi. Cheti amekirudisha ukutani. Kimepinda upande mmoja, kwa kupepea.