Chubwi za Chun-hwa

Gap-saeng aliizamia bahari ya Jeju tangu hajavunja ungo, kwa nguo za pamba na pumzi yake mwenyewe. Mambo ya kuelea na kuzama hakufundishwa na mtu. Alijua maji husukuma juu kila kinachoingia humo, na hakishuki mpaka kiwe kizito kuliko maji kiliyoyasogeza. Akijaza mapafu alielea. Akiyamwaga, alianza kushuka. Kibuyu chake kikavu kilibaki juu kikishikilia wavu wake wa pweza.

Mwaka yalipoingia mavazi ya mpira, binti yake, Chun-hwa, alikuwa wa kwanza kijijini kuyavaa. Akajitosa. Wapi! Alibaki juu juu akitapatapa, miguu hewani, wanawake wakavunjika mbavu.

"Mama Chun-hwa, kumbe ulizaa kizibo!" jirani yao Yeon-ok alipaza sauti.

"Cheka tu, dada. Kesho utamtafuta humwoni."

Asubuhi Gap-saeng akamfunga binti mkanda wenye chubwi za risasi, zile za kuzamishia nyavu. Akamjaribisha kwenye maji ya kifuani, akiongeza moja moja, hadi mtoto akatulia, hapandi wala hashuki. Akapiga fundo, akalikaza kwa meno.

"Mama, unanibana."

"Vumilia. Ukilegea, utakwenda na maji."

Wakaenda kwenye kina. Laiti angejua! Mpira ule una vipovu vya hewa ndani yake, na ndivyo vinavyomwelesha mtu. Kule chini maji huuminya, vipovu vikanywea, na ile nguvu ya kumpandisha ikapungua. Risasi hainywei. Uzito uliokuwa sawasawa pale ufukweni, kwenye kina ulizidi. Nani angemwambia, na hakuna aliyekuwa amewahi kuyavaa?

Gap-saeng aliibuka, akatoa pumzi kwa ule mluzi wa wazamiaji. Akatazama kibuyu cha mwanawe. Kilikuwa peke yake. Akatega sikio asikie mluzi wa binti, hola. Akapinduka kichwa chini, akazama.

Alimkuta Chun-hwa amelala mchangani, vidole vimeng'ang'ania lile fundo. Akalikata kwa mundu wake wa mwani. Mkanda ukaanguka, na mwili ukaanza kupanda wenyewe, taratibu kwanza, kisha mbio, ukamwacha mama nyuma akipiga miguu.

Alipofika juu, Yeon-ok alikuwa ameshamkumbatia binti, anampigapiga mgongo huku analia. Walimvuta mpaka mwambani. Walimkanda, wakamwita jina, wakamkanda tena. Hakuitika.

Baadaye wanawake walimzunguka Gap-saeng penye moto wao wa kuotea. Hakulia. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye nguo za pamba, naye hakusogea karibu na moto.

"Ajali haina kinga, dada," Yeon-ok alisema. "Bahari imemchukua, kama ilivyomchukua mamangu."

"Usiisingizie bahari," Gap-saeng akasema. "Bahari ilikuwa inamsukuma juu aje kwangu. Mimi ndiye niliyemfunga."