Mimi si Ndoo ya Maziwa

Mtu akiniambia kwamba mambo ya uke wa mwanamke hayaandikwi kitabuni, namwuliza swali moja. Ikawaje yakazungumzwa na nyapara, na mpishi wa memsab, na wazee wa kambi waliokaa kando ya josho la ng'ombe wakinusa ugoro, halafu mimi mwenye mwili ndiye nikatakiwa kunyamaza? Sikunyamaza wakati ule nikiwa mke kijana asiye na kauli, sembuse sasa. Anayeona haya afunge kitabu akalale.

Tuliishi katika shamba la mzungu na mkewe, memsab, nje ya Rongai, miaka ile ya hamsini. Shamba lilikuwa la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mume wangu alikuwa mkamuaji. Mimi na wanawake wengine wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, tulikuwa waoshaji wa ndoo, madebe na vitambaa vya kupangusia viwele. Msimamizi wetu alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuwa mchapakazi, huo ukweli simnyimi. Maziwa yetu yalipelekwa Nakuru kwa lori kila asubuhi, na debe likichachia njiani lilirudishwa kwa aibu kubwa. Debe lililopita mikononi mwa mama mkwe halikurudi. Nguvu yake ilikuwa dawa fulani ya kuua wadudu iliyokuja kwa mtungi, yenye harufu ya kukata pumzi, tuliyoichanganya na maji moto. Tuliiita dawa ya ndoo. Ukiisikia harufu yake, ndoo ni safi. Usipoisikia, rudia kuosha. Tulizoea hivyo mpaka hatukujua usafi mwingine, ndiyo maana hakuna aliyeshangaa mama mkwe alipoitoa dawa ile kwenye ndoo akaileta kwenye miili yetu.

Sheria yake ilikuwa hivi. Mja mzito akiona ute mweupe, basi amechafuka, na mtoto atakayepita hapo atazaliwa na macho mabovu. Kwa hiyo atie dawa ya ndoo kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, ajioshe. Si nje. Ndani, kwa mpira mwembamba uliotoka kwenye banda la ndama. Wanawake wote wa laini walifanya hivyo, na baadaye walikaa vibarazani wakiuma meno, kila mmoja akijifanya haoni mwenzake anavyokaa upande.

Mimba yangu ya kwanza nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilikuwa mgeni katika ukoo, na mgeni hufuata. Niliungua vibaya. Nilipolalamika niliambiwa kwamba kuungua ndiko kupona. Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, msichana, akapumua kidogo tu. Tulimzika nyuma ya laini kwenye miti ya miwati, na jioni hiyohiyo mama mkwe akaniuliza mbele ya watu kama nilijiosha sawasawa au nilikuwa mvivu.

Sijui kama ni maji yale yaliyomtoa mtoto wangu. Hakuna anayejua, na sitadai ninajua. Wako walioniambia nijilaumu kwa kutii. Sijilaumu hata kidogo. Nilikuwa nimeagizwa na watu wazima waliosema wananipenda, na kama kuna wa kubeba lawama hiyo, si mgongo wangu.

Mwaka uliofuata nikashika mimba tena. Ilipokuwa imeanza kuonekana, nikapatwa na kuwashwa kule chini, kuwashwa kwa kweli, mpaka nikawa sitaki kukaa wala kusimama. Ute ukawa mzito, umeganda vipandevipande kama maziwa yaliyokatika. Kukojoa kukauma. Nilitaka kuficha, lakini ukuta wa laini ni mwembamba na mtu anayejikuna hafichiki. Mama mkwe alikuja na beseni, mpira na chupa. Akaviweka miguuni pangu, akasubiri.

Nilimwambia siyataki hayo maji. Alidhani hakusikia vizuri, nikarudia. Niliogopa, lakini nilikuwa nimemzika mmoja na sikuwa tayari kumzika wa pili kwa ajili ya heshima. Akasema maneno ambayo mwanamke yeyote wa enzi zile aliyaogopa kuliko kofi. Alisema ugonjwa wa namna ile hauji wenyewe, unaletwa, na mimi niseme niliutoa kwa mwanamume gani.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Nilimtazama anitetee, akatazama viatu vyake. Hapo nikaelewa kwamba tumbo lile lilikuwa langu peke yangu, na nikaamua kwenda hospitali Nakuru.

Kwenda Nakuru halikuwa jambo la kuvaa kitambaa kichwani na kuondoka. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau, na sisi wa mashambani hatukutoka bila karatasi ya ruhusa. Ilinibidi nisimame mbele ya nyapara, na nyapara akataka kujua ninaumwa nini. Nikasema ni ugonjwa wa wanawake. Akauliza ugonjwa gani wa wanawake, huku akiwakonyeza wazee waliokuwa pale joshoni.

"Ni ya ukeni, mzee," nilimwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Kama unataka kujua zaidi nitakuelezea yote hapa hapa, na hawa wazee pia wasikie."

Mzee mmoja alipaliwa na ugoro wake. Nyapara akaenda kwa bwana mwenye shamba, akarudi na karatasi upesi sana. Kesho yake nilipanda lori la maziwa, nikakaa nyuma nikiwa nimeshikilia kamba katikati ya madebe niliyoyaosha mwenyewe. Kufika jioni habari zangu zilikuwa zimeshafika jikoni kwa memsab.

Kliniki ya waja wazito ilikuwa imejaa. Zamu yangu ilipofika nilipokewa na mkunga mmoja mnene, mwenye kofia nyeupe na mikono ya baridi, aliyeninyooshea kidole nipande kitandani bila salamu nyingi. Alinipima kwa upole kuliko uso wake ulivyoonyesha. Akachukua ute kidogo kwa pamba ukaangaliwe kwa hadubini, kisha akaniuliza huwa najioshea na nini. Nikamweleza yote, dawa ya ndoo, beseni, mpira wa ndama. Aliacha anachofanya.

"Hiyo ni dawa ya ndoo, mama," alisema. "Wewe si ndoo. Ndani ya ndoo hakuna kitu inaishi. Ndani yako kuko na wadudu wazuri wanakulinda, ukiwaua, hawa wabaya wanapata nafasi. Uke inajisafisha yenyewe vile jicho inajisafisha. Ama wewe huosha jicho na sabuni?"

Nilimwuliza kama ni kweli ugonjwa huu unaletwa na mwanamume mwingine. Akasema huu wangu ni ukungu tu, jamaa wa ule unaoota kwenye ulimi wa mtoto mchanga, na mimba huupenda kwa sababu mwili wa mja mzito umebadilika. Kuna magonjwa mengine yanayoletwa na kulala na mtu, na hayo hutibiwa wote wawili, mke na mume, la sivyo yanarudi. Lakini huyaamui kwa macho wala kwa hasira, unayapima. Kama mume wako naye anawashwa, mlete, akasema. Nililipenda sana neno hilo, mlete. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamume anaweza kuletwa.

Niliuliza juu ya ute mweupe, kama kweli ni uchafu. Akasema ute mwepesi usio na harufu mbaya wala muwasho ni wa kawaida kwa mja mzito, huongezeka tu, na hauoshwi na chochote. Nilifumba macho pale kitandani. Wanawake wangapi wa laini yetu walijichoma kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa ugonjwa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyokolea. Mkunga aliipaka mwenyewe kwa pamba, taratibu, akaniambia nirudi apake tena mpaka aseme imetosha, na nisiache hata kama muwasho utapoa mapema. Alinionya kwamba rangi ile haitoki kwenye nguo. Akaniambia nijioshe nje tu kwa maji matupu, mkono utoke mbele kwenda nyuma, nguo ya ndani iwe ya pamba na ikaukie juani, nisikae na nguo iliyolowa. Na nikiona damu, au maji yakinimwagikia, au maumivu ya tumbo, au ute wenye harufu ya kuoza au rangi ya kijani, nisingoje lori, nije kwa namna yoyote.

Niliporudi nilimweleza mama mkwe yote, kwa adabu, nikiwa nimeketi chini mbele yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimekwenda kuanika aibu ya nyumba yake mbele ya watu wa hospitali.

"Mama," nikamwambia, "mimi si ndoo ya maziwa. Sitaoshwa na hiyo dawa tena, na hata mtoto wangu hataoshwa nayo."

Basi akanitoa kwenye nyumba ya maziwa. Alimwambia nyapara kwamba mwenye ugonjwa hagusi debe, nikapelekwa kupalilia mahindi na tumbo langu. Alitaka nirudi nikilia. Sikurudi. Nguo zangu za ndani zilikuwa na madoa ya zambarau, na wanawake wenye busara walinishauri nizikaushe chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nimeambiwa juani, nikazianika juani, kwenye kamba iliyo mbele ya nyumba, mahali ambapo hata mpishi wa memsab akipita angeziona. Walicheka. Wengine waliwakataza wasichana wao kutumia kamba moja na mimi. Baada ya kurudi kwa mkunga mara kadhaa muwasho ulikuwa umeisha na nilikuwa nalala usiku kucha, kwa hiyo vicheko vyao havikunipunguzia kitu.

Siku moja mume wangu alikula akamaliza, akanawa, akamwambia mama yake kwamba kuanzia hapo maji ya kuoga ya mkewe atayachota na kuyapasha yeye, yasitiwe kitu. Alikuwa amechelewa, na nilimwambia amechelewa, lakini alichota.

Kisha wanawake wakaanza kunifuata kule mahindini. Hakuna aliyekuja kwa ajili yake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na dada mahali fulani Kabazi au Subukia aliyekuwa anawashwa. Niliwajibu hao madada wote. Niliwaambia mimi si mkunga na sigawi dawa, hata ile ya zambarau, kwa sababu ugonjwa wa dada huenda si kama wangu. Ninachojua ni kwamba ndani hapaoshwi, iwe kwa dawa ya ndoo, magadi, sabuni, ndimu au majani. Mengine aende akapimwe. Nawaambia wajukuu zangu hivyohivyo hata leo. Sasa kuna krimu na vidonge vya kuingiza, na kuna vya kumeza ambavyo havimfai mja mzito, wala muuza dawa hawezi kukwambia kipi kinakufaa bila kujua kilichokupata. Sema una mimba hata kama haijaonekana, na usipojibiwa vizuri, uliza tena. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mtoto wangu alizaliwa wakati wake, mvulana, mzito, na macho yake yalikuwa mazima. Wanawake walijaa nyumbani na uji. Mama mkwe alikuja wa mwisho, na nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nimeyapanga miezi mingi kule kwenye mahindi. Alikaa kitandani pangu bila kuombwa. Alimfunua mtoto, akamtazama mikono, miguu, akamfunika tena.

"Wangu walitoka wengi kabla ya baba yake huyu kukaa," alisema polepole, kana kwamba anasema na mtoto. "Mama mkwe wangu alikuwa ananiosha na maji ya magadi. Ile kali. Akafa bado anasema mimi ndiye mchafu." Kisha akaniinulia uso. "Ungekuwa mimi wakati huo, ungekataa?"

Najua jibu la huruma lilikuwa lipi. Wako wanaoniambia mpaka leo kwamba ningempa mzee yule neno laini, niseme hapana, hakuna aliyeweza kukataa enzi zile. Nilimwambia ndiyo, mama, ningekataa. Nikamwambia pia kwamba naye angekataa kama angepata hata mtu mmoja wa kusimama upande wake.

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mwanamke aliyeogopwa na laini nzima, huku mwanangu akiwa mapajani pake. Majirani wakainuka kumnyamazisha, mmoja akisema si vizuri kulilia vitoto vya zamani mbele ya mtoto mchanga. Nilikuwa bado natoka damu na sikuwa na nguvu za kusimama, lakini niliwaambia wakae chini wote, wamwache alie.