Siku Niliposhika Satelaiti

Kijijini kwetu mimi naitwa Satelaiti, na ukisikia mtu mzima anaitwa hivyo usidhani ni sifa, ni aibu iliyokosa pa kwenda ikaamua kuhamia kwangu. Watoto ambao hata hawajui mambo yalianzaje wananiamkia "shikamoo, mjomba Satelaiti", nami naitikia marahaba, kwa sababu nikikataa jina nitalazimika kueleza, na kueleza ndiko kunakoniuma. Lakini leo tumekaa na chai ipo, basi ngoja niseme yote, mcheke mmalize.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara huria imeshika kasi, mitumba imejaa mnadani, na watu wa kampuni za madini wakaanza kuja kwetu Iramba na magari ya matairi makubwa, wanatafuta dhahabu kwenye vilima ambavyo sisi tulikuwa tunachungia mbuzi tu. Kampuni moja ikapiga kambi si mbali na Iguguno, ikachukua vibarua, na mimi nikawemo. Nikapangwa na mpima mmoja, Bwana Rajabu, mtu wa Dodoma, mpole sana, ila ukimharibia kazi anakaa kimya mpaka unatamani akutukane yaishe.

Kazi yangu ilikuwa kufyeka miiba, kubeba begi la sampuli za mawe, na kubeba GPS. Siku hizi kila simu inayo, lakini wakati ule kilikuwa kidude cha kushika mkononi, chenye kioo kidogo, kinasikiliza satelaiti huko juu kisha kinachora mstari wa kila mlipopita. Siku ya kwanza nilikitia mfukoni (si ndiko vitu vya thamani vinakokaa?), jioni Bwana Rajabu akawasha akakuta mstari umekatika katika kama kamba iliyoliwa na panya. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Sami, hiki ni lazima kione mbingu. Mwili wako unakiziba, miti inakiziba. Kiweke juu, mahali pa wazi, na usikishushe mpaka nikwambie."

Nikakishika juu. Jamani, hebu jaribuni kunyoosha mkono juu huku mnapanda vilima vyetu vya mawe na begi mgongoni. Mkono ulikufa ganzi, nikabadilisha wa pili, nao ukafa. Ndipo nikapata ile akili yangu, ile iliyoniponza. Nikavua fulana ya ndani, nikaisokota kata kama wanayobebea mama zetu ndoo za maji, nikaiweka kichwani, GPS juu ya kata, kisha nikaishikilia kwa mikono miwili isidondoke. Bwana Rajabu akachungulia kioo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Leo umezikamata zote," akasema. Nikavimba kichwa, na kilikuwa tayari kimebeba mzigo.

Sasa hapa inabidi niwaambie habari za mama, bila hivyo hamtanielewa. Mama alituzaa wawili, kaka yangu Elia na mimi. Baba alikwisha kufariki. Elia alikwenda Mererani kuchimba tanzanaiti, mwanzoni akawa anatuma barua, baadaye salamu kwa midomo ya watu, halafu hata salamu zikakatika, tukakaa hivyo miaka. Mama hakuwahi kusema kwamba anaogopa. Alihamisha tu kigoda chake kutoka jikoni akakiweka mlangoni, kikatazama njia inayotoka barabarani, akawa anachambua mboga pale, anapeta mtama pale, kila kitu pale. Na mama yangu anaitwa Mama Elia, kama desturi ilivyo, kwa jina la mtoto wa kwanza, kwa hiyo kila aliyepita akamsalimia alimtajia yule yule. Mimi ndiye niliyekuwa namtekea maji, mimi ndiye niliyeezeka nyumba, lakini macho yake yalikuwa njiani. Sikuwa na kinyongo na kaka yangu, na mimi nilimlilia moyoni kila nilipoona shati lake limetundikwa. Ila nilitamani, nasema ukweli, nilitamani siku moja tu mama aitazame ile njia na anayekuja niwe mimi, na afurahi.

Basi siku hiyo, tukiwa tunashuka kilimani, kulikuwa na njia mbili za kurudi kwenye gari, moja ya mkato na nyingine inayopita kijijini kwetu. Nikamwambia Bwana Rajabu ile ya kijijini haina miiba (uongo, ina miiba kuliko kule tulikotoka). Akakubali. Akasema nitangulie, yeye anapasua jiwe moja atanikuta, "ila usikishushe, mstari wangu usikatike".

Nikatangulia. Nikaingia kwenye njia inayopita kati ya mashamba ya alizeti, kata kichwani, GPS juu ya kata, mikono miwili kichwani.

Nyie mnaojua mila mmeshaanza kucheka. Kwetu mtu hatembei na mikono kichwani. Mwenye mikono kichwani kafiwa, na akiwa anatoka safarini basi analeta taarifa ya kifo. Mama mwenyewe alitupiga makofi tukiwa wadogo kwa ajili hiyo, "toa mikono kichwani, unamtakia nani msiba?" Na nilijua. Nilijua kabisa, lakini siku hiyo kichwani mwangu mlikuwa na satelaiti tu.

Aliyeniona wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu, yuko kisimani. Kidude chenyewe asingeweza kukiona kwa umbali ule, aliona mikono. Akaacha ndoo akapiga yowe, na wengine wakapokea. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwao, sauti ikanifikia nusu nusu, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ni vigelegele. Nilidhani habari za mtambo wangu zimenitangulia. Nikapunguza mwendo, nikatembea kwa madaha, kifua mbele, taratibu, kama bwana harusi. Watu waliokuwa wananitazama kutoka kijijini waliona kijana aliyezidiwa na majonzi mpaka miguu haimbebi.

Nilipofika kwenye mawe makubwa karibu na uwanja wetu ndipo nikasikia vizuri kwamba ni kilio. Na kinatoka nyumbani kwetu. Nikaanza kukimbia, mikono bado iko kichwani (maana niliambiwa nisikishushe), na hapo kilio kikazidi. Nafika uwanjani, mikeka imeshatandikwa, wanaume wamekaa upande wao, moto umewashwa, kutoka ndani nasikia wanawake wanambembeleza mama, "jikaze, Mama Elia, jikaze". Nikajua mama ni mzima. Sasa kama mama ni mzima, na mimi ndiye huyu, amebaki nani? Nikajua habari za Elia zimefika. Nikaachia mikono, GPS huko, kata huko, nikajitupa chini nikalia kilio ambacho nilikuwa nimekikalia kwa miaka, bila haya, kamasi na vumbi vikichanganyika, "kaka yangu, kaka yangu".

Basi hapo msiba ukathibitika. Kwetu mleta taarifa haulizwi njiani, watu hulia kwanza, jina linatajwa akishatulia, na mimi jina nilikuwa nimeshalitoa. Mtu akapanda baiskeli kwenda Iguguno kuwaambia ndugu. Wanawake wengine wakaanza kusonga ugali wa watu wengi.

Bwana Rajabu akatokea na nyundo yake mkononi. Mzee Nkumbi, balozi wetu wa nyumba kumi, akanyanyuka kwa heshima akampokea.

"Pole na safari, mgeni wetu."

"Asante mzee, shikamoo."

"Marahaba. Tunashukuru hukumwacha kijana peke yake. Sasa tuelekeze, mwili mmeuacha wapi?"

"Mwili gani, mzee?"

"Wa Elia."

"Elia ni nani?"

Mzee Nkumbi akanigeukia, mimi niko chini bado. "Sami, si wewe umeleta taarifa?"

"Mimi? Mimi nimewakuta mnalia."

"Tumelia kwa kuwa umekuja umeshika kichwa."

Nikatazama huku na huku, nikakiona kidude changu kimelala kifudifudi karibu na mafiga. Nikajibu ukweli mtupu. "Mzee, nilikuwa nashika satelaiti."

Hakuna aliyecheka wakati ule, kicheko kilikuja baadaye na hakijaondoka. Mzee akaniambia, "Jioshe uso." Bwana Rajabu aliokota mashine yake akakaa kimya, na mnajua kimya chake. Jioni hiyo hiyo lori likaja kutoka Iguguno na kwaya nzima nyuma, wanaimba nyimbo za maombolezo, ikabidi mimi ndiye nitumwe njiani kuwasimamisha na kuwaeleza, nikaeleza mikono nimeibana mgongoni kama mwanajeshi. Wakala ule ugali wakarudi.

Lakini hiyo yote ni aibu ya nje, inapita. Kuna ya ndani.

Mama alipotoka chumbani alikuwa amejitanda khanga mpaka machoni. Alinishika uso kwa viganja vyake, akanipapasa mashavu, pua, akasema, "Sami?" Nikasema, "Naam, mama." Akakaa chini pale pale uwanjani akaanza kulia upya, nami nikadhani ni hasira, nikaanza kumwomba radhi, kwamba nimemtonesha, nimemfanya amlilie Elia kabla hatujajua lolote.

"Sikumlilia Elia," akasema.

Nikamwuliza alikuwa anamlilia nani.

"Nilikulilia wewe. Macho yangu siku hizi hayafiki mbali. Niliona mtu anakuja kwa ile njia, mabega ya Elia, mwendo wa Elia, taratibu vile anavyotembea. Nikasema moyoni, mwanangu amerudi. Halafu nikaona mikono iko kichwani, nikajua amekutana na habari zako huko vilimani, ameniletea. Wakanibeba ndani, kwa vilio sikusikia la mtu, sikuweza hata kusimama nimpokee."

Kwa muda wote niliokuwa najidai kwenye ile njia, mama alikuwa na Elia. Alimpata, akamwona kwa macho yake anamjia, na hakumtazama kwa sababu alikuwa ananililia mimi. Kisha nikafika, nikawa mzima, na kwa kuwa mzima nikamnyang'anya Elia, akampoteza mara ya pili.

Nilichokuwa nakitamani, nafasi yangu kwa mama, nilikipata siku ile, na sitaki tena kukipata namna ile. Kichwa changu sikishiki. Mvua ikinyesha nalowa, kikiwasha najikuna kwa kidole kimoja haraka haraka, hata kinyozi wangu anajua. Na nikirudi nyumbani kutoka safari, nikifika tu kwenye yale mashamba ya alizeti, naanza kupaza sauti nikiwa mbali, mikono iko chini, "Mama, ni mimi, Sami."

"Nimekuona, baba, karibu," ananijibu kutoka kwenye kigoda chake.

Nami nikifika namwona macho yake yananipita kidogo, yanaangalia nyuma yangu kama sijaja peke yangu. Simlaumu. Nashusha mzigo, nakaa chini pembeni yake, nageuka, na mimi naitazama njia.