Nilivyosema Sikumbuki

Hainitoki siku ile, mwanangu, askari wawili waliposimama mlangoni kwangu Nguvumali wakaniuliza swali moja tu: "Jumatano, toka asubuhi hadi alasiri, mdogo wako Zuhura alikuwa wapi?"

Alikuwa kwangu. Tulikuwa tukichekecha na kukanda hina ya harusi, sisi wawili peke yetu. Mchana nilimlisha ugali kwa mkono wangu, maana mikono yake ilikuwa imejaa hina.

Nikajibu, "Mh! Sikumbuki vizuri, afande."

Usinitolee macho. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na wivu unaowasha kama upupu. Kupaka hina nilimfundisha mimi, nikamshika mkono akachora ua lake la kwanza. Weee! Haukupita mwaka, maharusi wote wanamtaka yeye. Watu wanakuja mpaka mlangoni kwangu kuuliza, "Zuhura yupo?" Na mimi nipo, nawatazama! Hata mama akawa anamwita "mikono ya dhahabu". Mimi aliniita Mwanahawa, basi.

Sasa, Jumatano ile mke mwenzake Zuhura alikutwa ameuawa nyumbani kwake Ushongo. Mji mzima ukasema ni wivu wa ukewenza. Zuhura akawekwa mahabusu kwa kesi ya mauaji, na kesi hiyo haina dhamana. Wivu wakauona kwake, kumbe ulikuwa kwangu, umekaa umekunja miguu.

Ukoo ukafanya kikao. Wazee wakataka twende Ushongo kwa wafiwa na ubani wetu, tuombe radhi, yaishe kindugu kama tulivyozoea. Mimi nikawa wa kwanza kuunga mkono, na nilijua fika radhi ile ingesikikaje.

Mjomba Mbwana, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, akatukatiza. "Radhi ya nini? Kawapeni pole, mrudi. Mkiomba radhi, kesho mtaambiwa mmekiri." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanahawa, Zuhura amesema alikuwa kwako. Wewe umesema hukumbuki. Alhamisi nilikuona unapeleka hina ya harusi. Uliikanda na nani?"

Nikaficha mikono yangu ndani ya kanga.

"Unamwonea mdogo wako wivu mpaka kitanzini?"

Nililia mbele ya ukoo mzima, kwa aibu zaidi kuliko huruma, sikufichi. Asubuhi yake mjomba alinipeleka kwa wakili. Nikasema yote, hata sababu ya uongo wangu, yakaandikwa, nikayasoma neno kwa neno ndipo nikatia saini. Baadaye simu ya marehemu ikakamatwa kwa mwizi mmoja, naye akakiri aliipata siku alipomuua. Kesi ya Zuhura ikafutwa. Alikuwa amekaa ndani miezi minane.

Alipotoka aliniuliza, "Dada, ulisahau kweli?"

"Sikusahau. Nilikuonea wivu."

Akanitazama sana. "Na ulinilisha kwa mkono wako," akasema.

Mpaka leo ananiamkia shikamoo, anakula kwangu, anacheka na wanangu. Lakini hina hajanipaka tena. Harusini namwona akiwapaka wenzangu, nami nimeweka mikono mapajani, na wivu ule ule unaniuma. Safari hii nimejitakia.

Basi mwanangu, ndugu yako akishikwa kwa kesi nzito, tafuta wakili kabla hujatafuta wa kumlaumu. Kama hamna uwezo, ulizieni wanaotoa msaada wa sheria bure, wapo. Wafiwa wapeni pole, lakini msimwombee radhi mtu ambaye hajahukumiwa. Usitie saini usichokisoma. Na ukiulizwa jambo unalolijua, liseme lilivyo, siku hiyo hiyo, hata kama anayeokoka ni yule anayekunyima usingizi. Ukitaka kumnunia, mnunie akiwa nyumbani, si mahabusu.

Mungu akupe ndugu wa kukushuhudia kwa kweli, na wewe akujaalie uwe ndugu huyo. Mikono yako isikose wa kuipaka hina.