Nguo ya Kupigia Goti

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuzibana suruali zangu zote tano katika wiki moja. Nilikuwa nimepata cherehani kuukuu, sijafunzwa na mtu, najifunza kwa video za simu, na kila kijana aliyejijali hapa Busia alikuwa anavaa suruali ya kubana. Nilizibana, nikakata kitambaa kilichobaki ndani ya mishono, nikakitupa. Mwaka haukuisha, suruali pana zikaingia. Kwetu mitindo mingi huvuka mpaka kwa miguu. Tunaiona kwanza kwa vijana wa upande wa Uganda wanaokuja sokoni, na baada ya wiki mbili yule ambaye bado amevaa ya zamani anaanza kuonekana kama mtu aliyesahauliwa na wenzake.

Mtu mwenye akili angejifunza kutulia. Mimi nilijifunza kukimbia zaidi. Nikanunua suruali pana, kisha pana zenye mifuko ubavuni, kisha mashati mafupi yanayoishia kiunoni. Niseme ukweli: nyingine sikuzipenda hata siku ya kuzinunua. Nilizinunua ili nipate siku chache za kutoogopa macho ya watu. Nikipita mbele ya kioo cha duka la simu, nilijitazama. Nikifika mwisho wa baraza, nilirudi ili nijitazame kwa upande mwingine. Ni woga huo huo ulionifanya, nilipofungua kibanda cha kushonea watu, nifumue kola moja mara nne kwa sababu ya mshono ambao mteja mwenyewe asingeuona hata kwa miwani.

Dada yangu hana woga huo. Ananizidi miaka minane. Hununua samaki ufukweni Osieko na kuwauza Malaba, kwenye hoteli ndogo ambamo madereva wa malori hula wakingoja karatasi zao za forodha. Mwaka jana mwanamume mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Mteso kama sisi, alimwambia kwamba atawaleta wazee wake nyumbani kwetu karibu na Moding waje kumposa. Dada alikuwa ameshapita miaka thelathini na mitano, na majirani walikuwa wameacha hata kumuuliza. Aliitaka siku hiyo ikae sawa kuanzia mlangoni hadi kwenye kuagana.

Alikuja kibandani kwangu na kitambaa cha rangi ya zambarau, kinachong'aa kidogo, kipande cha mwisho kilichokuwa kimebaki dukani.

"Nishonee gomesi," akasema. "Ya kawaida, kama za mama."

Gomesi za mama, yale magauni marefu ya heshima, ni pana, zina mabega yaliyosimama na mshipi mkubwa kiunoni. Nilikunja uso.

"Dada, hiyo ni ya wamama wa kanisa. Saa hii wanavaa ya kubana." Nikamwonyesha picha kwenye simu: mwanamke mwembamba, gomesi imemshika kuanzia kifuani hadi magotini, chini imefunguka kidogo kama mkia wa samaki.

"Anatembea na hii?"

"Wanatembea."

"Huyu hapa amesimama tu."

"Dada, niamini."

Aliitazama ile picha kwa muda, akanirudishia simu. "Haya, fundi. Wewe ndiye unajua."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Niliikata nguo siku hiyo hiyo.

Hapa pana jambo ambalo sikumwambia. Gomesi ya kubana haili kitambaa kingi. Kilibaki kipande kikubwa, na kilikuwa chake. Badala ya kumrudishia, nilijishonea shati fupi la mtindo ili siku ya wageni niwe nimefanana na bibi harusi mtarajiwa, watu waulize nani ametushonea. Nililificha chini ya blanketi ninalopigia pasi.

Wageni walikuwa waje Jumamosi. Alhamisi nilimpelekea dada gomesi yake Malaba, kwenye hoteli ya mama mmoja ambaye dada humuuzia samaki kila siku. Aliingia chumba cha nyuma, akatoka amevaa. Madereva wakaacha kutafuna.

"Eh! Dada!" utingo mmoja akapaza sauti. "Leo hao samaki watajiuza wenyewe."

Ajenti wa forodha aliyekuwa na faili kwapani akaigusa mikono ya gomesi. "Boss, umeshona wewe? Hapana, hii imetoka Kampala."

Mimi nilikuwa natazama bega la kushoto, ambalo lilikuwa limesimama juu kidogo kuliko la kulia. Lakini ndani ya moyo nilikuwa naimba.

Mama wa hoteli alikuwa anageuza samaki kwenye karai. Alimtazama dada kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imekupenda, mwanangu. Sasa piga goti."

Nyumbani kwetu, wageni wa namna hiyo wakifika, anayeposwa ndiye huwapelekea maji ya kunawa. Hubeba jagi na beseni, hupiga goti mbele ya kila mzee, humwagia maji, huinuka, na kwenda kwa anayefuata. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimepima kifua, kiuno, nyonga na urefu, na vyote nilivipima dada akiwa amesimama, kwa sababu yule wa kwenye picha alikuwa amesimama.

Dada alijaribu. Akakunja magoti, nguo ikakaza mapajani, akabaki nusu njia akiwa ameshika meza. Akajaribu kwa upande. Akakaa chini kwa kishindo, miguu mbele.

"Lori limekosa breki!" yule utingo akasema, na hoteli nzima ikacheka.

"Si aweke mpasuo hapo nyuma?" dereva mmoja akashauri.

"Mpasuo?" Mama wa hoteli alimnyooshea mwiko. "Wakwe wanakuja kunawa ama wanakuja sinema?"

Dada naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Nilimsaidia kuinuka, na kwa aibu nikasema neno la kijinga kabisa.

"Kwani lazima upige goti? Siku hizi wengi wanainama tu."

Aliniangalia. Hakupaza sauti.

"Wale wazee wanavuka mpaka waje waone mimi. Nikiinama tu, watasema huyu amezeeka, goti halikunji tena, ama watasema ana kiburi. Ukitaka mtindo, vaa wewe. Mimi hii siku nimeingoja sana." Kisha akauliza, "Kitambaa kilibaki?"

"Kidogo," nikasema, nikaikunja gomesi nirudi nayo kibandani.

Ijumaa asubuhi nililitoa lile shati chini ya blanketi na kulitandaza juu ya meza. Lilikuwa zuri. Ninaweza kusema hivyo kwa sababu kazi zangu nyingi sizisifu. Kola ilikaa, mishono ilinyooka, kifua kilianguka vizuri. Nilitafuta njia ya kuiokoa gomesi bila kuligusa. Nilifikiria kitambaa cha rangi inayokaribiana, nikazunguka maduka matatu, sikukipata. Nilipomaliza kujidanganya, nikachukua wembe na kulifumua.

Nilipata vipande vinne virefu kwa kuunganisha mgongo, kifua na mikono. Nikaipasua gomesi pande zote kuanzia nyongani kwenda chini, nikaingiza vipande hivyo kama kabari ili sketi ipate nafasi ya kufunguka. Kila kabari ilikuwa na kiungo kinachokatiza katikati. Hakuna kinachoniuma kama kiungo katikati ya kitambaa. Kibaya zaidi, kabari moja ilikuwa na matundu matano ya vifungo. Niliyaziba kwa sindano ya mkono, moja baada ya jingine, nikitumaini mikunjo itayaficha.

Dada alifika saa sita. Aliivaa, akaigeuza sketi kwenye mwanga, na kidole chake kikaenda moja kwa moja pale pale.

"Fundi, mbona sketi yangu ina matundu ya vifungo?"

Nilimweleza yote: kitambaa chake, shati langu, blanketi. Nilisema haraka haraka nikitazama pedeli ya cherehani. Nilipoinua macho alikuwa ameshika kiuno, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Ulitaka tufanane? Wakwe si wangedhani wanaposa wawili!"

Halafu akapiga goti pale pale kwenye sakafu ya kibanda. Akainuka. Akapiga tena. Mzee aliyekuwa anangoja zipu ya koti lake akatutazama.

"Hapa ni kwa fundi ama ni kanisa?"

"Mzee, nafanya mazoezi," dada akamjibu, na akapiga goti la tatu mbele yake kwa heshima zote. Mzee akanyoosha mikono kana kwamba ananawishwa.

Jumamosi walikuja wazee saba na akina mama wanne. Dada alifunga kikoi ndani, akavaa gomesi juu, mshipi akafungiwa na mama. Nilisimama karibu na mlango nikiwa na shati jeupe la zamani, lile ninalovaa nikienda ofisi za watu. Dada alipiga goti mbele ya mzee wa kwanza, nguo ikafunguka, na mimi nikaona viungo vyote vinne. Nilisubiri mtu avione. Mzee alinawa, akasema maji yamepata moto sawasawa. Wa pili akauliza kama kweli samaki wa Osieko siku hizi ni wadogo. Wa tatu alikuwa anazungumza na mwenzake, alinyoosha tu mikono.

Dada alipiga goti mara kumi na moja, na mara kumi na moja aliinuka bila kushika ukuta wala bega la mtu. Alipotoka na beseni, mama mmoja wa wageni alimwambia jirani yake kwa Kiteso, akidhani anasema polepole, "Huyu ana magoti ya msichana."

Kuhusu gomesi hakuna aliyesema chochote. Walikula, wakazungumza, wakakubaliana lini watarudi na ng'ombe. Dada alipita karibu yangu akibeba sahani, akanigonga kwa kiwiko. Ilikuwa jioni tayari nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimejitazama kwenye kioo chochote.

Bado nafuata mitindo, na bado nafumua kola. Lakini mteja akija na picha ya simu, namuuliza kwanza anaenda wapi na nguo hiyo na atafanya nini akifika, kisha nampima akiwa amesimama, ameketi na amechuchumaa. Mimi mwenyewe nikiona nguo inayovuma, nangoja siku kumi kabla ya kuinunua. Nyingi zinanitoka moyoni kabla ya siku ya kumi, na zile chache ninazonunua nazivaa mpaka zichakae.