Nilipunguza uzito kwenye mkanda wangu, aliyeondolewa kwenye kikosi cha parachuti ni Rehema

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo leo. Nina miaka kumi na tisa, form six nimemaliza, nakaa Mchafukoge. Kuongea mbele za watu siwezi, kwa hiyo tangu form two naandika kwenye counter book. Haya nimeyanakili humo. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha.

Najua wa kwanza atauliza, Bongo kuna watu wanaruka na parachuti?

Wapo. Kila kiangazi kandege kadogo kanakuja kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji kurusha watalii. Parachuti ikishatumika lazima ikunjwe upya kwa mpangilio, na wakunjaji tulikuwa mimi na Rehema. Ujira wetu ulikuwa kufundishwa na kurushwa bure. Kiangazi cha kwanza tulikunja tu. Cha pili tukaanza kuruka wenyewe, kidogo kidogo, mpaka tukaruhusiwa kuruka kwa kikundi.

Baba yangu anauza vyombo Kariakoo. Aliposikia alisema, "Ukifa usinipigie simu," akaendelea kupanga masufuria.

Rehema ni fundi cherehani, kanizidi miaka minne. Kwao Lindi, hapa mjini kapanga chumba Buguruni, na cherehani yake iko chini ya ngazi za ghorofa moja hapo Kariakoo. Ni dada mwenye mwili. Mimi nina kilo arobaini na sita nikiwa nimeshiba.

Shikeni hizo kilo, ndipo kisa kilipo.

Kuna aina ya kuruka inaitwa tracking. Mnatoka kwenye ndege, mnanyoosha mwili kama mshale, mnakimbia hewani kumfuata kiongozi kabla ya kufungua parachuti. Kukimbia siyo shida sana. Shida ni kwamba mnakimbia huku mnaanguka, na wote mnatakiwa muanguke kwa spidi moja. Mwepesi anaelea, anabaki juu. Mzito anashuka haraka, anawaacha. Kwa hiyo mzito anavaa suti pana inayokamata upepo, na mwepesi anavaa suti ya kubana na mkanda wa uzito.

Zote mbili alizishona Rehema. Suti yake aliiongezea kitambaa kwapani. Mimi alinishonea mkanda wa turubai wenye mifuko minane. Akaenda kwa fundi matairi Ilala akaomba vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu wakati wa kubalansi, akaviyeyusha akapata vipande vinane, kila mfuko na chake. Alinipima kiuno mara tatu ili usinichubue.

Narudia, alishona yeye.

Mazoezi tulifanyia juu ya paa la ghorofa la kwetu, Mchafukoge. Kaka Denis, kocha wetu, aliazima vile vibao vya magurudumu ambavyo mafundi gereji wanalalia kuingia chini ya gari. Unalala kifudifudi, unasukuma kwa vidole vya miguu, unamfuata wa mbele huku nguo za majirani zinakupiga usoni kwenye kamba. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa anakuja kuanua akitukuta anasema, "Bado hamjafika tu huko mnakoenda?"

Tulikuwa wanne. Kaka Denis mbele, Juma nyuma yake, halafu mimi na Rehema ubavu kwa ubavu.

Juma ana mdomo. Siku ya kwanza kuniona na mkanda ndani ya suti ya kubana, umetuna mbele kama mimba, akasema, "Dogo, baba wa mtoto ni fundi matairi?"

Watu walicheka mpaka rubani. Rehema akamwambia, "Juma, wewe hata mkanda huhitaji, kichwa kinatosha." Wakacheka tena, yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Mimi ni mtu wa kutembea na sweta kiunoni ili nisitazamwe. Jumapili iliyofuata, tukiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilisubiri Rehema atoke. Nikatoa vipande vitano, nikavifunga kwenye soksi, nikaviweka ndani kabisa ya begi langu. Nikabaki na vitatu. Nikajiangalia kwenye kioo, tumbo limelala. Nilifurahi kabisa, ndiyo ukweli.

Kabla ya kupanda ndege Kaka Denis alikagua mikanda ya parachuti zetu mmoja mmoja. Ule wa uzito ulikuwa ndani ya suti, hakuugusa.

Kwa kuwa nilikuwa nyuma, kamera ndogo ilifungwa kwenye helmeti yangu. Wajuzi mtasema kwa uzoefu wangu ule sikupaswa kuvaa kamera. Ni kweli. Ila ndivyo ilivyokuwa.

Tukatoka. Sekunde chache za mwanzo sawa. Halafu nikamwona Rehema anaanza kwenda chini. Kwanza usawa wa goti langu, halafu mgongo wake wote naona, halafu amekuwa mdogo. Nilitakiwa nimtazame kiongozi, macho yakagoma kutoka kwa Rehema. Na kamera ya kichwani inaangalia unapoangalia wewe.

Nilijua ni mimi ninaelea. Nilijua palepale angani.

Tukatua salama wote.

Jumatatu mchana tukakutana juu ya paa kuangalia video. Jua lilikuwa kali, hatuoni kitu, Rehema akavua kitenge chake cha begani akatufunika wote na laptop. Vichwa vinne chini ya kitenge kimoja. Video nzima ni Rehema anazama. Kiongozi haonekani, Juma haonekani.

Kaka Denis akairudisha nyuma mara mbili. "Ona mwenyewe, Rehema. Unazama."

"Kaka, mimi nilikuwa na wewe," Rehema akasema. "Soli za viatu vyako niliziona muda wote."

"Video haisemi hivyo."

Juma akadakia, "Chapati za Buguruni hizo, dada."

Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Nimeliwaza sana hili. Ingekuwa mimi kijiti ndiye ninayezama kwenye video, wangesema kamera mbovu. Kwa kuwa alikuwa mwenye mwili, hakuna aliyetafuta sababu nyingine.

Rehema akatoa kitenge, akanigeukia. "Huyu alikuwa ubavuni kwangu. Sema wewe basi."

Nikasema, "Mimi nilikuona unashuka tu."

Hapo sikudanganya. Nilimwona anashuka. Nimelisoma hilo neno kwenye daftari langu mara nyingi, na kila mara naona nilivyolichagua vizuri.

Kaka Denis akasema asiye usawa mmoja na wenzake ni hatari wakati wa kufungua parachuti, na hapo yuko sahihi. Akamwondoa Rehema kwenye mruko wa Jumamosi, nafasi yake akapewa mrukaji mmoja mgeni. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, baada yake ndege inaondoka.

Na mama yake Rehema alikuwa tayari njiani kutoka Lindi. Kiangazi kizima alikuwa anaambiwa mwanao anaruka kutoka kwenye ndege, anajibu, "Nitaamini siku nikiona."

Jumamosi nilivaa vipande vyote vinane.

Tulishuka sawa kama tumelala kitanda kimoja. Tulipotua Kaka Denis akapiga makofi, akasema, "Mmeona? Tatizo tumelitoa." Nikainama kukusanya parachuti yangu. Vile vipande vinane vilikuwa vinanichoma kiunoni, na nilikuwa nimekuwa ushahidi dhidi ya Rehema kwa mara ya pili.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye nyasi, katandika khanga. Nikaenda kumsalimia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeruka vizuri, nimekuona. Mwenzio kaniambia leo masikio yanamsumbua, hawezi kupanda."

Rehema alikuwa pembeni anakunja parachuti za watalii. Hakuinua kichwa.

Nilikaa wiki tatu. Siku nilipopata ujasiri nikaenda kule chini ya ngazi. Alikuwa anashona sare za shule. Nikamwambia yote, nikilia, watu wanapita na marobota yao kichwani.

Hakusimamisha cherehani mpaka alipomaliza pindo.

"Vilikuwa vitano," akasema. "Kwenye soksi ya kijivu. Siku ileile tulipotua nilifungua begi lako natafuta mafuta ya kupaka, nikavikuta."

Nikamuuliza kwa nini hakusema juu ya paa.

"Ningesema, wangeniambia natafuta wa kumsingizia. Nilitaka useme wewe. Nilikugeukia kabisa, hukumbuki?"

Nakumbuka.

"Mkanda niletee," akasema. "Turubai nzuri ile, nitaitumia."

Nilimpelekea kesho yake. Alichukua wembe akafumua mifuko yote minane mbele yangu, vipande akavirundika mezani, akanirudishia. Akasema hivyo vya fundi matairi, nivirudishe mwenyewe.

Kaka Denis nilimwandikia WhatsApp, nikaeleza kila kitu. Akajibu, "Poa dogo, imeshapita," na kidole gumba. Nikamwambia Rehema amrudishe kiangazi kijacho. Hiyo kaisoma, hakujibu. Na Rehema mwenyewe kasema haruki tena na watu.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Kosa la kutoa vile vipande lilikuwa la aibu yangu, na lingeweza kusameheka. Lile la juu ya paa lilikuwa la sekunde tatu, nikiwa nimeulizwa vizuri na mtu aliyenishonea mkanda, na aibu haiwezi kubeba lawama yake. Wenye haya kama mimi tunapenda kujiona watu wazuri kwa kuwa tuko kimya. Siyo kweli.

Vipande bado ninavyo, viko kwenye ile soksi ya kijivu. Ilala sijaenda.

Wakuu, nisemeni mnavyotaka, nitasoma zote. Ila aliyewahi kuwa upande wa Rehema naomba anijibu: kuna siku ulimtaka tena yule mtu aje chini ya ngazi, au nisirudi kabisa?