Mpiga Picha Aliyelaumu Ngozi ya Watu

Jumamosi tulimzika mpiga picha za michezo aliyejulikana sana hapa Kisumu, na nimerudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko majonzi. Wasemaji walipokezana kipaza sauti wakimwita bingwa, mwalimu, baba wa wapiga picha wote wa kando ya ziwa. Mimi nilikaa naye kwenye viwanja vingi kwa miaka mingi, na wasomaji wangu mnajua huwa simung'unyi maneno. Marehemu alikuwa na majivuno mengi kuliko picha nzuri.

Majivuno hayo yalianzia kwenye kile kigurudumu cha juu ya kamera, chenye herufi za kuchagua nani apange mwanga, wewe au mashine. Yeye alikiweka kwenye M, yaani kila kitu unapanga kwa mkono, na hakukigusa tena. Aliyechagua kasi ya shata tu, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kujifunga picha ikipigwa, akaiachia kamera ipime mwanga yenyewe, alichekwa mbele za watu. "Wewe bado unanyonya," alimwambia kijana mmoja aliyekuwa na picha nzuri kuliko zake. Majigambo hayo labda yangefaa studio, ambako taa haziendi popote. Lakini jua la huku tunalijua sote: sasa hivi linachoma, mara wingu la ziwani limefunika uwanja mzima, na mshambuliaji hakungoji upige hesabu.

Basi kule Ahero msichana mmoja, kipa, aliokoa penalti kwa kuruka mzima mzima. Mama yake alikuwa amemwomba marehemu picha za mechi hiyo hasa, kwa sababu shule moja iliyofadhili wachezaji ilitaka kumwona binti akiwa kazini kabla ya kumpa nafasi. Wingu lilikuwa limeingia. Bwana mkubwa alikuwa bado kwenye mipango ya jua kali, na picha zote zikatoka giza tupu. Nilikuwepo mama alipokuja kuzitazama.

"Mama, huyu msichana wako ni mweusi sana," akamwambia, binti mwenyewe akiwa amesimama hapo. "Kamera imeshindwa kumuona."

"Bwana, hata mpira mimi sioni," mama akajibu. "Na mpira si ni mweupe?"

Marehemu akavaa kofia yake akaenda kunywa soda. Nafasi ikamwendea mwingine aliyekuwa na picha.

Watu wa namna hii tunao kila mahali, hospitalini, ofisini, hata vyuoni. Njia ngumu kwao ni cheo, na kazi ikiharibika wanamgeukia aliyekuja kuhudumiwa na kumtwisha kosa lao. Kuchagua njia nyepesi inayofaa hali iliyopo ndio ujuzi wenyewe. Anayeona aibu kusaidiwa na mashine yake, basi asichukue kazi ambayo maisha ya mtu mwingine yanaitegemea.

Yule kipa, ambaye sasa ni mama wa watoto, alikuja mazishini. Waombolezaji walipopangwa kwa picha ya pamoja, alijitoa kwenye mstari akicheka. "Mimi wacheni tu, nitawaharibia. Kamera hainionangi mimi." Nilitazama wale waliotoka kumsifu mwalimu wao, nikingoja mmoja amvute mkono arudi. Wakasogea kuziba pengo lake, picha ikapigwa.